Mzio, Mwiko na Kadi ya Safari

Kiswahili kina neno mwiko lenye maana mbili. Mwiko wa kwanza ni ule wa jikoni, wa mti, wa kusongea ugali na kukorogea mboga. Mwiko wa pili ni katazo, jambo ambalo mtu, ukoo au jamii nzima imejizuia kulitenda. Huenda maneno haya yamekutana kwa sauti tu, kama watu wawili wasiojuana wanavyokutana kivukoni. Nyumbani kwangu, hata hivyo, hayajaachana kwa miaka 8 sasa, kwa kuwa mwiko uliokoroga mboga ya karanga, ukiingizwa katika sufuria nyingine bila kuoshwa, unaweza kumuua binti yangu. Kwetu mwiko ndio unaovunja mwiko.

Naandika haya kwa wapenzi wa lugha na watunzi wa mashairi, wala si kwa madai ya utaalamu wa tiba. Mwaka jana binti huyo, akiwa na miaka 12, alisafiri na wenzake wa shule kutoka Mwanza wakalizunguka Ziwa Viktoria kupitia Kenya na Uganda. Wazazi hatukwenda naye. Kilichokwenda badala yetu ni sindano mbili, mwalimu mmoja na maneno machache yaliyoandikwa kwenye kadi. Kuyachagua maneno hayo kulinifundisha kuhusu Kiswahili mambo ambayo miaka mingi ya kusoma vitabu haikunifundisha.

Neno linalotumiwa na matabibu wetu kwa hali yake ni mzio. Wengi hulidhani ni neno lililobuniwa majuzi mezani kwa wanaistilahi, pamoja na ngamizi na runinga. Sivyo. Mzio ni neno kongwe. Kabla ya kupewa kazi hospitalini lilikuwa jina la kitu anachojizuia mtu nacho, hasa chakula, ama kwa kuwa kinamdhuru ama kwa kuwa amekatazwa. Na lina ndugu kando ya ziwa letu. Waganda na Wahaya wana omuziro, yaani kile ambacho watu wa ukoo fulani hawakigusi. Katika Kiganda, mtu wa ukoo wa Mmamba hali kamongo, na mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, hata kama jirani zake wanawagombania senene hao msimu wa mvua. Kitenzi chake ni okuzira, kujizuia na kitu.

Anayejua tabia za Kiswahili ataiona njia mara moja. Lugha yetu imezoea kuiangusha sauti ya l au r iliyo kati ya irabu mbili. Wanachokiita Waganda enjala sisi twakiita njaa. Kuzaa kwetu ni okuzaala kwao, na mkia wetu ni omukira wao. Kwa njia hiyohiyo omuziro na mzio ni mtoto wa mama mmoja aliyelelewa nyumba mbili.

Ulaya ilichelewa kuipa hali hii jina. Mwaka 1902 Charles Richet na mwenzake Paul Portier, baada ya majaribio yaliyoanzia baharini katika chombo cha mtawala wa Monaco, waligundua kuwa mbwa aliyepewa sumu ya kiumbe wa baharini kwa kiasi kidogo akapona, angeweza kufa kwa dakika chache alipopewa tena kiasi kidogo kuliko cha kwanza. Badala ya kuzoea, mwili ulikuwa umejifunza kuogopa. Waliita hali hiyo anafilaksia, na Richet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna, akaunda kutoka Kigiriki neno ambalo mitaani kwetu limekuwa aleji. Neno mzio lilikuwa tayari linazungumzwa, likiwangoja.

Hata hivyo, wahenga hawakuwa na mzio wa karanga, kwa sababu karanga zenyewe ni wageni. Zimetoka Amerika ya Kusini, zikaletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16. Ni jamii ya kunde, ingawa watu huzihesabu pamoja na korosho. Leo Usukuma bila karanga hauelezeki. Michembe huliwa kwa karanga, mlenda huungwa kwa karanga, unga wa lishe wa uji wa watoto mara nyingi husagwa pamoja na karanga, na basi halisimami kituoni kabla dirisha halijajaa mikono yenye vifuko vya karanga. Mtoto anayezaliwa Mwanza na mzio wa karanga ni kama mtoto anayezaliwa Ukerewe naye anaogopa maji.

Tulijua alipokuwa na miaka 4. Kipande cha kashata, kidogo kuliko ukucha. Midomo ikavimba, ngozi ikatoka mabaka, akatapika, sauti ikakwama, kisha macho yakaanza kulegea. Waliomwokoa ni watu waliokuwa na gari karibu na muuguzi aliyejua la kufanya. Sitaongeza neno juu ya siku hiyo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Bibi yake, anayeishi Magu, hakuhitaji maelezo marefu. Tulipomwambia kuwa karanga ni mzio wa mjukuu wake, aliitikia kwa kichwa, akaenda jikoni, akatenga chungu kimoja, mwiko mmoja na kata moja, akavitundika mahali pa peke yake. "Mzio ni mzio," alisema. "Mtu hali, na chombo chake hakili." Watu wa mjini wenye shahada walinichukua muda mrefu zaidi kuwaelewesha, kwa kuwa wao walisikia aleji, na aleji mjini ni kupiga chafya kwa sababu ya vumbi.

Safari yenyewe iliandaliwa na klabu ya Kiswahili ya shule. Wanafunzi walialikwa na shule rafiki, moja Kisumu na nyingine Kampala, wakariri mashairi pamoja kuelekea Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021. Kampala ilikuwa na mvuto wake, kwani Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, na vijana wetu walitaka kusikia Kiswahili kinachojifunza kutembea. Njia ilikuwa Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, Sirari, kisha Kisumu, Busia, Jinja na Kampala, na kurudi kwa Masaka, Mutukula na Bukoba. Siku 7, nchi 3, na milo isiyopungua 20 ambayo sisi wazazi hatungeipika.

Katika kikao cha wazazi lilitolewa pendekezo kwa upole mkubwa: kwa usalama wake, mtoto huyu abaki. Angeweza kurekodi shairi lake, wenzake wakalicheza huko. Waliosema hivyo hawakuwa na ubaya. Walikuwa na hofu, na hofu ni jambo la haki. Mama yake ndiye aliyejibu. "Mwalimu, mtoto huyu anaishi Mwanza. Hakuna siku hata moja aliyowahi kuishi mahali pasipo na karanga. Usalama hatujaukuta mahali, tunaubeba. Tuambieni tu nani ataubeba pamoja naye."

Mwalimu mmoja wa kike alinyosha mkono. Hapo kazi ikaanza.

Nilianza na kadi. Nilitaka sentensi moja ambayo mpishi asiyemfahamu mtoto, mwenye haraka, moshi machoni na watu 40 wanaongoja, ataisoma na kubadili anachokifanya. Nikaandika rasimu, nikazipeleka kwa mama lishe mmoja wa Kirumba ambaye nimekula kwake kwa miaka mingi, nikamwomba azisome na kunieleza amesikia nini.

Rasimu ya kwanza ilisema: "Mtoto huyu hali karanga." Alisoma akatabasamu. "Kaka, huyo njaa ikimkamata atakula." Na alikuwa na haki, kwa kuwa sarufi ilikuwa upande wake. Hali ni kauli ya mazoea. Fulani hali bamia, fulani hali ngisi. Ni habari ya mtu na ladha zake, na ladha hubadilika.

Rasimu ya pili: "Mtoto huyu ana mzio wa karanga." Akauliza mzio ndiyo nini. Nikasema, watu huita aleji. "Ah, hata mimi ninayo. Nikila sangara nawashwa mikono. Mnunulie vidonge vya mwasho." Neno la mtaani lilikuwa limebeba mzigo mwepesi kwa muda mrefu mno, sasa halikuweza kubeba mzito.

Rasimu ya tatu: "Mtoto huyu hawezi kula karanga." Akanitazama kwa huruma. "Meno?"

Rasimu ya nne: "Karanga, hata chembe moja, zinaweza kumuua mtoto huyu." Aliisoma mara mbili. Akauweka mwiko chini. Kisha yakaja maswali, mfululizo, mazuri kuliko niliyokuwa nimeyafikiria mimi. Na mafuta yake? Na nikizitoa karanga nikaacha mchuzi? Na kisu nilichokatia kashata? Na mikono yangu mimi?

Nilirudi nyumbani nikitafakari tofauti. Katika sentensi tatu za mwanzo kiima ni mtoto. Yeye ndiye hali, yeye ndiye ana, yeye ndiye hawezi. Msomaji humtazama mtoto, akampima kama ni mdeka, mgonjwa au mkaidi. Katika sentensi ya nne kiima ni karanga, na mtoto ni yambwa, anatendewa. Msomaji huacha kumtazama mtoto, akaitazama sufuria. Tulifundishwa kiima na yambwa darasani kama mambo ya mtihani. Sikudhani kuwa siku moja uhai wa mwanangu ungekaa upande mmoja au wa pili wa kitenzi.

Likabaki tatizo la mpaka. Wasomaji wa Kenya wananitangulia hapa. Neno karanga kwetu Tanzania halina utata, ni zile za kwenye ganda. Ukivuka Sirari, ubao wa mkahawa utakuandikia nyama karanga na kuku karanga, na humo hamna hata punje moja ya karanga zetu, kwa sababu kukaranga ni kukaanga. Zile zetu huko huitwa njugu, au njugu karanga. Nasi tukisikia njugu peke yake, wengine hufikiria njugu mawe. Kadi yenye neno karanga tu ingeweza kumnyima mtoto nyama isiyo na dhara, kisha ikampitisha salama salimini hadi kwenye mboga yenye njugu. Lugha moja, ziwa moja, na kilomita chache za lami zinatosha kuligeuza neno. Kwa hiyo kadi ikaandikwa karanga na njugu, picha ya ganda lililopasuliwa ikawekwa pembeni, na kwa Uganda likaongezwa neno la Kiganda, ebinyeebwa, maana Kampala mchuzi wa karanga zilizosagwa ndio mwenzi wa matoke, na hata kitoweo kinachofungwa katika jani la mgomba mara nyingi huungwa nao. Upande wa pili ukawa Kiingereza, kwa polisi, wauguzi na maafisa wa forodha.

Kitenzi nilichokitaja hapo, kuunga, kinastahili aya yake. Mpishi wetu hatii kitu ndani ya mboga, anaiunga. Anaiunga kwa nazi, kwa maziwa, kwa karanga, kwa ufuta. Muulize mwenyeji, "Mboga hii ina karanga?" naye, akiwa mkarimu na anakuona una wasiwasi, atakujibu hapana, kwa kuwa hakuna punje inayoonekana. Swali la ndiyo na hapana humsaidia mwenyeji kukufurahisha. Muulize badala yake, "Mmeunga kwa nini?" Hapo hana budi kutaja. Tulimfundisha binti yetu na mwalimu wake swali hilo pamoja na lile la pili, "Mmekoroga kwa mwiko gani?" Tukawaambia kuwa jibu likichelewa, hiyo ni hapana.

Sasa sindano. Dawa ya kwanza ya mshtuko wa mzio ni adrenalini, na huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Vidonge vya mwasho hutuliza ngozi, havifungui koo wala haviinui shinikizo la damu lililoporomoka. Sindano yenye dozi iliyopimwa tayari ni adimu katika maduka yetu ya dawa. Zake mbili, kila moja ya miligramu 0.3, zililetwa na ndugu aliyetoka nje ya nchi. Ni mbili kwa sababu, hali isipotulia, dozi ya pili huhitajika baada ya dakika 5 hadi 15. Haziwekwi kwenye barafu wala haziachwi ndani ya basi lililofungwa juani. Baada ya sindano mtoto hulazwa chali miguu ikiinuliwa, au huketishwa iwapo anahangaika kupumua, wala hasimamishwi ghafla akatembezwa. Kisha hospitali, hata akionekana amepona, kwa sababu hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Mwalimu alikuja nyumbani jioni tatu. Tulikuwa tumehifadhi sindano moja iliyokwisha muda, naye akaifanyia mazoezi kwenye chungwa. Alinishangaza kwa swali lake. Hakuuliza achome vipi. Aliuliza, "Nitajuaje kuwa wakati umefika?" Nikaona kuwa hilo nalo ni swali la lugha. Maagizo ya daktari yalisema achome dalili zikiwa kali. Neno kali halina kipimo. Kwa ruhusa ya daktari tukaliondoa, tukaandika mambo yanayoonekana na kusikika: sauti imebadilika, anakohoa mfululizo, anapumua kwa mluzi, ulimi umevimba, analegea, au ngozi imetoka mabaka huku anatapika. Mojawapo likitokea baada ya kula, choma. Usipige simu kwanza. Usimngoje mtu mkubwa zaidi yako. Choma, ndipo upige simu. Chini yake tukaorodhesha hospitali za njiani: ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ya rufaa ya Jinja, na Mulago ya Kampala. Barua ya daktari ya kuonyesha mipakani ikatangulia mbele ya vyote.

Wanafunzi wenzake walikuwa kazi ya binti mwenyewe. Hakutaka mzazi awahutubie. Alitunga ubeti mmoja wa tarbia, akausoma ndani ya basi kabla halijaondoka Mwanza. Mchango wangu ulikuwa kuhesabu mizani tu:

Karanga kwangu ni sumu, si deko wala kilio,
Si dharau kwa karamu, ni mwili wenye mzio,
Kunawa kwenu muhimu, ndilo langu kimbilio,
Tuzunguke kwa nidhamu, turudi bila tukio.

Washairi mtauona mshororo wa pili. Mtoto wa miaka 12 alijua kuwa kikwazo kikubwa kwake si karanga, ni ukarimu. Kwetu kukataa sahani ya mwenyeji ni kumkataa mwenyeji. Na mshororo wa tatu una elimu ndani yake: vitakasa mikono vya kwenye chupa haviondoi mabaki ya karanga, sabuni na maji ndiyo huondoa. Mwalimu alibeba vipande vya sabuni kwenye mfuko wa wavu, na kila kituo kabla ya kupanda basi watoto 30 walinawa.

Kisumu ndiko kadi ilikofanya kazi yake. Nalieleza kama nilivyosimuliwa kwa simu usiku ule. Wenyeji walikuwa wameandaa ugali, samaki na mboga za kienyeji. Mpishi aliisoma kadi, akasema bila shaka yoyote kuwa samaki ni wa kukaangwa kwa mafuta ya alizeti na mboga ni mboga tu. Binti akauliza, "Shikamoo mama. Mboga mmeunga kwa nini?" Mama yule akanyamaza kidogo. Akamwita msaidizi wake. Msaidizi akasema ameiunga kwa njugu za kusaga, kidogo tu, iwe nzito. Wakamtazama mtoto, wakaitazama sufuria. Kisha mpishi akauliza swali la pili mwenyewe, kabla hajaulizwa: ule mwiko uligusa nini kingine? Uligusa ugali.

Alikula ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha yaliyokuwa ndani ya maganda yake. Alipozungumza nami sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtoto anayetaka kumaliza simu arudi kwa wenzake. "Baba, mboga tu haikuwa mboga tu," alisema. Nilimwitikia kwa utulivu. Nilipokata simu niliketi ukumbini kwa muda mrefu bila kuwasha taa, na mama yake akaja akaketi pembeni yangu, wala hatukusema kitu. Kati ya mwanangu na sufuria ile palikuwa na kitenzi kimoja.

Kampala mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mpishi wa shule ile alizungumza Kiswahili kidogo, na kadi aliitazama kwa mashaka. Mwalimu alipokumbuka mazungumzo yetu akatumia neno omuziro. Uso wa mpishi ukafunguka. Akacheka, akamuuliza mtoto ni wa ukoo gani, kwa kuwa hakuwahi kusikia ukoo unaojizuia na karanga. Binti akajibu, "Ukoo wangu una mtu mmoja tu." Mpishi akaacha kucheka. "Basi leo tuko wawili," akasema, akatoa sufuria iliyokuwa bado na karatasi ya dukani.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mzio wa kale na mzio wa sasa havifanani kwa yote. Wa kale ni heshima, na palipo na heshima huweza kuwa na msamaha. Karanga hazina tambiko la kuziomba radhi. Lakini wa kale ulikuwa na jambo moja ambalo wa sasa umelikosa: haukubebwa na mtu peke yake. Ukoo mzima ulijizuia, na anayekuoza binti yake alijua asikupikie nini. Mtoto mwenye mzio leo ni ukoo wa mtu mmoja, isipokuwa watu wakubali kujiunga naye kwa siku chache. Walipokuwa wakirudi kwa njia ya Bukoba, mwalimu aliniambia, watoto walikuwa wanawafukuza wauza karanga dirishani kabla yeye hajafungua kinywa.

Sindano mbili zilirudi Mwanza zikiwa na mihuri yake. Binti alirudi na lafudhi ya Kisumu aliyodumu nayo kwa wiki nzima.

Naiweka hapa kadi kama ilivyo sasa, baada ya kurekebishwa na mama lishe, bibi, daktari, mwalimu na mwenye mzio mwenyewe. Ni mali ya yeyote anayeihitaji. Badilisheni jina la chakula, na mkiwa na neno bora, la Kimvita, la Kiunguja au la Kingwana, lileteni.

Karanga (njugu, ebinyeebwa), hata chembe moja, zinaweza kumuua mtoto huyu.
Si uchaguzi wake, wala hatazizoea.
Mboga mmeunga kwa nini? Mmekoroga kwa mwiko gani?
Kama huna hakika, usimpe. Hatakasirika.
Sauti ikibadilika, akikohoa mfululizo au akilegea, sindano iko kwenye mfuko mwekundu. Choma pajani, upande wa nje. Kisha hospitali.
Asante kwa chakula ulichopika.

Mstari wa mwisho aliuongeza yeye. Nilimwambia kadi imejaa. Akasema basi punguza ukubwa wa herufi.